Ndugu wa Kunyonya wa Khaled

Kila asubuhi Asiya alikoroga maziwa ya unga kwenye ndoo, akadondoshea tone mkononi kupima joto, kisha akajaza chupa zenye chuchu za mpira. Kituo cha utafiti kilikuwa Buterere, kando ya mashamba ya mpunga. Watafiti walitaka kujua ni maziwa gani yanayomfanya mwanakondoo apone upesi baada ya kupasuliwa kifua. Walimtoboa moyo, wakaziba tundu, wakamshona, na Asiya akaendelea kumlisha. Wanakondoo walilala kwenye nyasi kavu chini ya taa ya joto. Msimu wa mvua, majirani wa kituo wangefurahi kulala hivyo.

Mtoto wa Asiya, Khaled, alizaliwa na tundu moyoni. Midomo yake ilikuwa ya buluu, na akinyonya kidogo tu alichoka akalala. Hospitalini walisema apelekwe ng'ambo akapasuliwe, kama mtu anayekushauri ununue mwavuli. Basi Khaled alishinda nyumbani, mtaa wa Buyenzi, na bibi yake Zubeda, na Asiya akaenda kazini na matiti yaliyojaa hadi yanamuuma.

Kulikuwa na mwanakondoo mmoja mweusi, mwenye baka jeupe shingoni, aliyekataa maziwa ya unga. Alikuwa anakufa hivihivi. Asiya akajikamulia kwenye chupa, akampa, naye akanywa yote huku akitikisa mkia. Kuanzia hapo akawa anampa kila siku.

Zubeda alipoambiwa, aliacha kuchambua mchele.

"Amekunywa akashiba?"

"Ameshiba, Mama."

"Basi ule ni ndugu yake Khaled. Ingekuwa mutu, hawawezi kuoana." Akaendelea kuchambua.

Siku daktari wa kituo, Maxime, alipompasua mwanakondoo yule, Khaled alilala mchana kutwa bila kujigeuza. Jioni Zubeda alimvua shati amwogeshe, akakuta mshono wa uzi mweusi katikati ya kifua. Midomo ilikuwa myekundu. Mtoto alinyonya hadi titi likalegea, akalilia la pili. Asiya alilia kwa furaha, kisha akachemsha maji ya chumvi ya kuoshea jeraha.

Maxime alikuja Buyenzi kuutazama mshono. Alipewa kiti, akamulika kwa simu.

"Ni points zangu," alisema, akizigusa nyuzi moja moja. "Hii ya chini niliikaza sana. Pardon."

Alirudi kutoa nyuzi siku ileile aliyomtoa mwanakondoo zake.

Asiya alikuwa na ombi moja tu. Utafiti ukimalizika, wanakondoo wote huuawa, na mioyo yao huwekwa kwenye chupa zenye dawa ya kuhifadhi ili ichunguzwe.

"Docteur, ule moja muniachie. Mi nitamulisha kwangu."

"Mama Khaled, mi nakuelewa. Lakini ni protocole. Haiachi hata moja."

Habari za Khaled zilifika Kiriri, mtaa wa matajiri, kwa mkurugenzi wa kituo, mzee Herménégilde, ambaye mjukuu wake alikuwa na tundu kama hilo. Kesho yake gari lilileta maziwa ya binti yake, mama wa mtoto huyo, kwenye kisanduku cha barafu, na Asiya ndiye aliyemnywesha mwanakondoo mwingine. Mwanakondoo akapasuliwa, mjukuu akapona. Kondoo huyo hakurudi zizini. Anakula nyasi za bustani ya mzee na ana mlinzi wake, na watu wa kituo wakiulizwa husema alitoroka.

Waliobaki, yule mweusi akiwemo, waliuawa Ijumaa asubuhi. Asiya alikaa nyumbani, amemkumbatia Khaled kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Khaled hakufa. Alikohoa kidogo, akataka kunyonya. Asiya alipotega sikio kifuani kwake, hakusikia kitu. Zubeda naye akatega.

"Wameuchukua," alisema, akatandika mkeka wake kuswali.

Moyo wa Khaled uko Rohero, kwenye ofisi ya mradi, ndani ya chupa ya kioo juu ya kabati. Mioyo mingine imetulia ndani ya dawa, huo unapiga. Asiya alikwenda kuuomba, akajibiwa kwa upole kwamba ni mali ya mradi. Anaruhusiwa kuutazama. Akiweka kiganja kwenye kioo, hukikuta kina joto, na hasira humpanda. Kisha hurudi Buterere, maana wanakondoo wapya wameletwa na wana njaa.

Khaled amekua, ana mbio kuliko wenzake wote mtaani. Alasiri hucheza mpira mbele ya nyumba. Siku nyingine, mchezo ukiwa umenoga, simu ya Asiya hulia. Ni Joëlla, sekretari wa ofisi ile.

"Mama Khaled, chupa inatikisika tena, inagonga ukuta. Na huku kuko réunion. Muambie mutoto akae."

Asiya husimama mlangoni.

"Khaled! Kaa chini, baba."

Khaled huuacha mpira, akakaa kando ya barabara, mikono magotini, akiwatazama wenzake wanavyokimbia, mpaka mkutano uishe.