Ganda la Mashini ya Carmel

Carmel alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, na pumzi yake ilikuwa ya kukatika-katika. Kituo cha afya kikampa Mapendo, mama yake, mashini ndogo ya kumfunga mtoto kifuani: pumzi ikisimama, inalia. Michel, fundi wa Goma, ndiye aliyetengeneza ganda lake la plastiki. Akapanda pikipiki mpaka kwa Mapendo, milimani juu ya Sake, kuuliza kama linamkaa mtoto vizuri, maana alitaka kutengeneza mengine kama hilo.

Sasa, mgeni ameketi, mama mkwe ameleta viazi, majirani wamejaa mlangoni.

"Mama Carmel, inamuumizaka fasi gani?" Michel akauliza, akitaka aonyeshwe mahali.

"Haina shida, papa. Iko muzuri sana."

"Hata ukimubeba mu mugongo?"

"Hata mu mugongo."

Mama mkwe akatabasamu: mkamwana ana adabu. Nani anamwambia mgeni kazi yake ina kasoro, tena chakula kikiwa mezani? Wamama, musiige hapo.

Maana Mapendo alijua. Ganda lilipimwa mtoto akiwa amelala kitandani, na mtoto wa huku mchana kutwa yuko mgongoni. Kitenge kikikazwa, pembe inamwingia Carmel mbavuni mpaka ngozi inaiva. Basi kila akienda shambani, Mapendo alimvua mashini, akaiacha nyumbani.

Siku moja, baada ya ugeni ule, akipalilia maharage, Carmel akanyamaza mgongoni. Mapendo akafurahi, akadhani amelala. Euphrasie, jirani aliyelima kando yake, akatupa jembe.

"Mama Carmel! Angalia midomo ya mutoto!"

Ilikuwa rangi ya majivu. Wakamfungua, wakamsugua mgongo, wakampiga nyayo, mpaka akalia.

"Na mashini iko wapi?"

Mapendo akamkamata mtoto kifuani. Walikimbia mpaka kituoni.

Huko wakamkuta Michel mbele ya wamama waliokaa kwenye benchi, akigawa mashini zenye ganda lile lile. Alipomwona Mapendo, akasimama.

"Wamama, huyu njo alitusaidia! Yeye njo alisema iko muzuri."

Wakampigia makofi. Mapendo, na mtoto wake mikononi, alitamani ardhi immeze. Angeweza kunyamaza tena. Lakini Falone, jirani yake wa mlima wa pili, alikuwa tayari anamkaza mwanawe mgongoni pamoja na mashini.

"Falone, mufungue," akasema. "Nilidanganya."

Akainua shati la Carmel. Wote wakaona alama mbavuni.

Michel hakugomba. Akaweka ganda moja juu ya mbavu zake, akainama. "Munikaze kitenge, kama vile munakazaka mutoto."

Wamama wakacheka kuona mwanaume mzima anafungwa. "Papa, usilie sasa!" mmoja akasema. Wakavuta. Uso wa Michel ukakunjamana, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Mama," akamwambia Mapendo, "sikukuja kutafuta sifa. Nilikuja kutafuta fasi inauma."

Akazikusanya mashini zote kutoka mikononi mwa wamama, mpaka ganda lingine litengenezwe. Falone alipopita na mwanawe, hakusalimu.

"Adabu yako ingeniulia mutoto," akasema.

Mapendo akabaki kwenye benchi, macho chini, kiganja kifuani pa Carmel. Pumzi ikipanda alingoja ishuke. Ikishuka, aliogopa.