Nta ya Baba

Katika chumba changu cha kuoshea masikio nimeshatoa vichwa vya njiti za kiberiti, punje ya mahindi, na kifuniko cha kalamu cha mwalimu mkuu mzima. Kila mmoja namwambia asiingize kitu sikioni, na kila mmoja anarudi. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sina haki ya kumcheka mtu. Kinyozi hajinyoi: miaka miwili nilimtazama baba yangu akiongeza sauti ya redio, na sikuwahi hata siku moja kumchungulia.

"Ni nta tu hiyo, baba," nilikuwa nikimwambia mezani, mdomo umejaa chakula. Ndilo kosa letu waosha masikio. Kutwa tunaona nta, basi kila asiyesikia tunamhukumu ana nta.

Mwezi uliopita mama alipigwa na kiharusi. Kilimchukua sauti na mkono anaoandikia, kikamwachia mnong'ono. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nihesabu wiki, si miezi. Baba alikuwa akimwinamia kitandani hadi midomo ya mama inamgusa sikio, na haambulii neno. Nikajitolea niwe namweleza baba anachosema mama.

"Miaka arobaini na mmoja ya ndoa," akafoka, "leo maneno ya mke wangu niletewe na mtoto? Nitolee hiyo nta yako!"

Nikafuata utaratibu, sikuruka hatua. Siku tano matone ya mafuta, asubuhi na jioni, nta ilainike. Siku ya sita nikamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, nikamuuliza kama sikio liliwahi kutoa usaha au ngoma yake kutoboka, maana sikio lililotoboka haliingizwi maji. Nikapima maji yawe na joto la mwili. Ya baridi humzungusha mtu kichwa hadi atapike. Nikalivuta sikio juu na nyuma, nikayaelekeza maji kwenye ukuta wa njia ya sikio, polepole, nisiipige ngoma. Baba kashika kibakuli chini ya shavu kwa mikono miwili. Nta ikatoka, nyeusi, kubwa kama harage.

"Kumbe nilikuwa na mpangaji!" akacheka.

Nikaosha la pili, nikachungulia kwa taa. Njia safi, ngoma zote mbili nzima, zinang'aa. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na kama bado hasikii, hapakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Nikasimama nyuma yake, umbali wa mkono, nikanong'ona tarakimu kama tunavyompima kila mgonjwa.

"Nne. Saba. Mbili."

Baba alikuwa ametulia, anangoja.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Mtaalamu wa usikivu alimpima mchana huohuo. Neva za kusikia zimechakaa pande zote mbili. Kifaa kingemsaidia kidogo kwa mtu anayepaza sauti; kwa mnong'ono, hapana. "Angeletwa miaka miwili iliyopita..." akaanza, akaiona sare yangu, akageukia karatasi zake.

Njiani nilitamani baba anitukane.

Tulimkuta mama yuko macho. Baba akavua kofia, akaketi kitandani, akamwinamia.

"Nimeoshwa, mama watoto. Sasa hata sisimizi akipita namsikia. Haya, sema."

Uso wa mama ukachangamka, akasema. Nilikuwa mlangoni, na masikio yangu mimi ni mazima. Alisema anaogopa. Alisema asimwache peke yake, hata kidogo, na amshike huu mkono uliobaki na uhai. Baba aliitikia kwa kichwa kila neno, anatabasamu.

"Nimesikia," akamwambia. "Nimesikia yote, mke wangu."

Akamfunika shuka, akaurudisha ule mkono ndani vizuri, akavuta pazia, akatoka ili mgonjwa apumzike.

Mama aliendelea kuutazama mlango alikotokea mtu aliyemwambia amesikia yote. Ningemwambia ukweli, lakini baba alikuwa ameshamwambia kwamba anasikia, na huo uongo ndio kitu pekee alichobakiza cha kumpa. Nikakaa alipokuwa amekaa baba, nikautafuta mkono wa mama chini ya shuka, nikaushika.

Akauvuta, akaniachia shuka.