Mstari wa Ridhaa

Mama alinipigia saa tisa na robo, wabunge wakiwa bado wanapongezana ukumbini.

"Umesoma vizuri, mwanangu, sauti imetoka. Ila ule mstari wa ridhaa, mbona sijausikia redioni?"

"Upi, mama?"

"Ule wa maji. Si umeusoma wiki nzima hapa jikoni mpaka nimeushika kichwani?"

Nikafungua karatasi. Mstari wa pili na wa tatu ilianza kwa maneno yale yale, na jicho langu lilikuwa limeruka kutoka wa kwanza hadi wa tatu.

Mimi ni karani msomaji wa bunge la jimbo. Katiba ya shirikisho hairekebishwi mpaka majimbo tisa kati ya kumi na mawili yakubali, tena neno kwa neno. Na bunge letu lina kanuni ya zamani, ya enzi ambazo nusu ya wabunge hawakujua kusoma: kinachopitishwa ni kile kilichosikika kinywani mwa karani, karatasi iseme itakavyo. Majimbo manane yalishakubali. Sisi ndio tuliokuwa wa tisa, na muda ulikuwa unaisha saa kumi na mbili jioni hiyo hiyo.

Marekebisho yenyewe yanaipa serikali kuu usimamizi wa mito yote. Mstari niliouruka unasema maji hayatahamishwa kutoka jimbo lolote bila ridhaa ya bunge lake. Kwa hiyo, kwa maneno niliyosoma, nilikuwa nimeugawa mto wetu bure, kwa sauti nzuri, nchi nzima ikisikiliza; na kwa kuwa hayakulingana na ya majimbo mengine, hata kura yetu haikuhesabika.

Cheti kilikuwa mezani kinanisubiri: "Nathibitisha kwamba maneno haya ndiyo niliyoyasoma." Mstari ulikuwemo. Nikisaini, nimedanganya. Nisiposaini, kazi ya miaka ishirini na mitatu ndiyo basi tena. Nikakichukua cheti, nikaenda kwa Spika, nikamweleza nilichokiruka.

"Nani mwingine amesikia?" akauliza.

"Mama yangu, Mheshimiwa."

"Mama yako ni mbunge?"

"Hapana."

"Basi saini, bibie, tukanywe chai."

"Siwezi."

Nilishangaa sauti ilikotoka. Nikaongeza haraka haraka, kabla woga haujanirudia: "Redio wana kanda. Jimbo moja tu likienda mahakamani, marekebisho yote yanaanguka, na cheti kina jina langu na lako."

Akaitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi kama mtu aliyemwagia wino kwenye kanzu. Kisha akaamuru kengele ya kuwarudisha wabunge ipigwe, nisome upya.

Wengine walishafika mbali, na simu za baadhi yao zilikuwa zimezimwa. Tulihitaji wabunge arobaini na mmoja kati ya sitini. Nilisimama mlangoni nikihesabu vichwa, narudia kuhesabu, nawachukia waliochelewa na kujichukia zaidi mimi mwenyewe. Wa arobaini na mmoja aliingia saa kumi na moja na dakika arobaini, shati limechomoka, ananung'unika.

Nikasoma, kidole chini ya kila neno. Nilipofika kwenye ridhaa nilipunguza mwendo, nikainua macho. Nilitaka nimwone japo mmoja anashtuka, anamgeukia mwenzake, anauliza kama mchana ule tuliusikia. Wa mbele alikuwa anatafuta chaja. Wawili nyuma yake walikuwa wanachekea simu.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," Spika akasema.

"Ndiyooo!" wakaitikia wote, vile vile walivyoitikia saa tisa, mstari ulipokuwa haupo.

Nikasaini zikiwa zimebaki dakika sita. Spika akanipiga bega, akasema nimeliokoa jimbo. Lakini nilikuwa naogopa kuliko mchana, maana ningewasomea kwamba jimbo letu limefutwa, wangesema ndiyo.