Nguzo Isiyoulizwa

Swali nililopewa lilikuwa moja tu: nani alichelewesha bweni kwa siku arobaini na moja? Madamu, mwenye shule, alisema ni mkandarasi. Mkandarasi, ambaye mafundi wake humwita Chapuchapu na wala hawacheki, alisema ni Madamu aliyebadilisha ramani ya ngazi mara tatu. Mkataba wao uliwataka wakikosana wasikimbilie mahakamani, watafute mwamuzi. Wakanichagua mimi, mhandisi mstaafu mwenye magoti mabovu na subira kidogo.

Miezi minane walikuwa hawasalimiani. Kikaoni Madamu aliongea na wakili wake, na Chapuchapu akaongea na dari. Nikachoka, nikasema twende tukaione hiyo ngazi.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi. Ghorofani vitanda sitini na vinne vilishapangwa, magodoro yakiwa bado kwenye nailoni. Wasichana walikuwa wahamie Jumatatu. Nikashuka chini kupima ngazi, na kwa mazoea tu nikagonga nguzo ya pembeni kwa nyundo yangu ndogo. Ikalia kama debe. Nikagonga ya pili, nikagonga ya tatu. Lipu ikadondoka, na nyuma yake hapakuwa na zege la maana, bali kokoto kavu zilizoshikana kwa kuoneana huruma. Nikaingiza kidole, kikagusa nondo, kikatoka na kutu.

"Nani ameiona hii?" nikauliza.

Chapuchapu akaangalia viatu vyake. Madamu akaangalia saa.

"Mama," Chapuchapu akasema kwa upole wa ghafla, "wewe umeulizwa siku. Nguzo haimo."

"Haimo kabisa," akadakia Madamu. "Mimi sijalalamikia nguzo, Mama Mhandisi. Ukiandika neno juu ya nguzo umevuka mipaka, na uamuzi wako tutaupinga sote wawili."

Sote wawili! Watu walioshindwa kupeana hata habari za asubuhi, leo ndiyo wanapatana, tena juu ya migongo ya watoto wa watu. Damu ikanichemka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba walisema kweli. Mamlaka yangu ni yale waliyonipa wao. Sina ruhusa ya kujibu nisichoulizwa, wala ya kufunga jengo, hata mlango wa choo. Na nilishatia sahihi kwamba ya shauri hayatoki nje ya shauri.

"Basi wasihamie," nikasema. "Rekebisheni kwanza."

"Wazazi wameshaambiwa Jumatatu," akasema Madamu. "Nguzo tutaziangalia likizo."

Likizo! Kana kwamba zege bovu linafuata ratiba ya shule.

Nilirudi nyumbani na hasira yangu. Nikaandika mistari miwili ya kujitoa kwenye shauri, nikawatumia wote. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa mkaguzi wa majengo, bwana mmoja mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Akafungua fomu.

"Unaripoti kama nani? Mwenye jengo?"

"Hapana."

"Mkandarasi? Mwamuzi?"

"Ningekuwa mwamuzi ningefunga mdomo."

"Sasa mama, hapa niandike nini?"

"Andika mpita njia."

Akaandika. Yaani mtu anayejipitia barabarani na mkate wake mkononi ana nguvu kunishinda mimi niliyechaguliwa, nikaapishwa, nikakalishwa mezani! Nilicheka pale ofisini mpaka mkaguzi akanisogezea maji.

Ijumaa alikwenda kugonga mwenyewe. Jumamosi bweni likapigwa kufuli.

Jumanne nikaitwa na chama cha waamuzi. Kulikuwa na malalamiko dhidi yangu: nimevunja siri ya shauri, nifutwe kwenye orodha. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, safi, haina kosa hata moja. Chini yake zilikaa sahihi mbili bega kwa bega, ya Madamu na ya Chapuchapu.

Nikajibu palepale kwamba ni kweli, siri nimeivunja, nifuteni. Wakanifuta. Hasira bado ninayo, lakini usingizi naupata.