Bahari Ilipokwenda Tukuyu

Usiku wa jana, siku tuliyofika Pangani kwa likizo ya familia, niliota tumeamka na bahari haipo.

Haikuwa imekupwa. Maji yakipwa huacha madimbwi na harufu. Hii ilikuwa imeondoka na vitu vyake vyote. Palikuwa na mchanga, halafu matope makavu, halafu upeo wa macho uliokunjwa vizuri kama shuka. Kwenye mnazi mmoja palipigiliwa kibao kilichoandikwa kwa mwandiko safi: BAHARI IKO LIKIZO.

Mume wangu Gwamaka alikisoma mara mbili. Yeye ni fundi umeme kule Mbeya tunakoishi, mtu wa kuheshimu maandishi.

"Ni haki yake," akasema. "Kila mfanyakazi ana siku zake."

Binti yetu Tusekile, wa miaka tisa, alikuwa ameshavaa boya kiunoni. Aliangalia matope, akaniangalia mimi.

"Mama, tutaogelea wapi?"

"Subiri. Nakwenda kuirudisha."

Mimi ni mwalimu, na nimeshika zamu ya nidhamu kwa miaka kumi na miwili. Utoro naufahamu. Aliyetoroka huwa hajaenda mbali, na huwa kuna mtu anayejua aliko. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilikwenda mapokezi, wao nyuma yangu.

Nyuma ya meza ya mapokezi alikuwepo kaa mkubwa, amevaa miwani, anaandika kwenye daftari kwa kalamu mbili kwa mpigo.

"Karibuni," anasema. "Tafadhali ketini."

"Tunashukuru, ndugu Kaa. Tuna haraka kidogo."

"Haraka hairuhusiwi, hii ni likizo. Lakini kwanza kanuni. Mgeni asiache chochote ufukweni isipokuwa nyayo." Akasogeza sinia la bati. "Ziwekeni hapa."

Tunainama, tunavua nyayo zetu. Zinatoka kwa urahisi, kama soksi mbichi. Za Gwamaka ni ndefu. Za Tusekile zina mchanga. Zangu ni pana, na wa kushoto una mpasuko kisiginoni ambao nimekuwa nikiuficha tangu mwaka juzi. Kaa anazipanga wima kama sahani zilizooshwa, anatupa stakabadhi. Kuanzia hapo tukawa tunatembea kama watu waliokanyaga sabuni.

"Kanuni ya pili," Kaa anaendelea. "Likizo ya familia ni ya familia." Anatuhesabu kwa kucha moja. "Mko watatu. Hapa mmeandikwa wanne."

"Ni sisi tu," nikasema.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nilipogeuka niliona si mtu. Ufukweni vilikuwa vimepangwa viti vinne vya kujilaza, na kile cha mwisho ndicho kilichokohoa.

"Samahani, mwalimu," kikasema. "Mimi nina mtu wangu. Nimeinuliwa huku nyuma na kuwekewa mto wa chini kwa ajili ya mtu mwenye magoti mabovu. Tangu jana sijakaliwa, na sielewi kosa langu."

Nilikitazama kwa ule mtazamo ambao darasani hunyamazisha watoto hamsini. Hakikunyamaza. Kilisema tena, kwa upole, kwamba hakielewi kosa lake.

Mtu mwenye magoti mabovu namjua. Ni mama yangu mzazi. Anaishi Tukuyu, ana miaka sabini na mmoja, na bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Nilipomwambia, nikiwa nimemtembelea na kulala kwake, kwamba mwaka huu tunakwenda Pangani, hakuuliza kama yumo. Kesho yake asubuhi nilikuta begi lake mlangoni, limefungwa. Nikamwambia, Mama, safari ni siku mbili ndani ya basi, magoti yako hayataweza, tutakuletea picha. Akasema, "Haya, mwanangu." Akalifungua begi, akatoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini. Mimi nilimsaidia kukunja vitenge. Hicho ndicho nilichokifanya. Nilimsaidia kukunja.

"Bahari imekwenda wapi?" nikamuuliza Kaa.

Akafunua daftari, akasoma bila kupandisha wala kushusha sauti. "Imealikwa. 'Kama mimi siwezi kwenda, basi na ije yenyewe.' Maneno hayo yamesemwa Jumapili, jikoni, Tukuyu, na mama mmoja akimenya ndizi."

"Alikuwa anasema tu."

"Bahari haijui kusema tu. Na haijawahi kualikwa popote. Watu huiingia bila hodi, wengine na viatu. Ilipopata mwaliko ilioga, ikaondoka."

Gwamaka aliamua kubaki na viti. Mimi nikaanza kushuka kwenye matope, Tusekile nyuma yangu na boya lake. Njiani tuliwapita samaki waliojipanga mstari, kila mmoja na kifurushi chake, wanasubiri kwa utulivu kama wagonjwa wa zahanati. Mmoja aliniamkia. Nilihesabu hatua kumi. Ya kumi na moja ilikanyaga majani ya chai, na mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa Tukuyu, uani kwa Mama.

Migomba yake ilikuwa imeanza kuwa ya njano pembeni.

Ninabisha hodi. Ninaingia.

Bahari imeketi kwenye kochi kubwa, lile lenye vitambaa vya kufuma. Imejikunja kadiri inavyoweza, lakini bado sehemu yake iko chini ya meza, na sehemu nyingine imeingia chumbani. Ina kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Inainywa kwa adabu, bila kutoa sauti, na kwa bahari hilo si jambo dogo. Mama ameketi mkabala nayo, amekunja kitenge hadi juu ya magoti, miguu yake imo ndani ya bahari.

"Karibu, Atupele," Mama anasema. "Tuna mgeni."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Msalimie na mgeni, ni mkubwa kwako."

Nikaiamkia bahari. Ikaitikia, ikamshukuru Mama kwa chai, "ndaga," kwa Kinyakyusa kisicho na kasoro.

"Bahari," nikasema, "watu wamesafiri siku mbili kukufuata. Mtoto yuko hapa na boya. Samaki wako wamesimama njiani. Inuka twende."

Bahari ikaweka kikombe chini. "Mwalimu, wewe ulinifuata mimi. Mimi nilimfuata huyu. Nani ana haki ya kumwondoa mwenzake?"

"Umekaa siku ngapi?"

"Kwenu Pangani ni usiku mmoja. Kwa hesabu ya huku, hii ni ya tatu."

"Na siku ya tatu mgeni hupewa jembe," nikasema. Nilijua nimeikamata.

"Nimeshapewa," ikajibu, ikanionyesha kiganja chenye malengelenge. "Nimelima matuta mawili. Yote yamekwenda kwa mawimbi. Mama amesema ni mazuri."

Nikachungulia dirishani. Kweli, yalikuwa na mawimbi. Na pale jembe lilipopita, migomba ilikuwa imeinamisha vichwa.

"Mama, chumvi itaua shamba lako," nikasema. "Mwambie aondoke."

"Simfukuzi mgeni aliyekuja kwa ajili yangu," Mama akasema. "Wamekuwa wachache." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja idadi ya kuku. Akanyoosha goti moja ndani ya maji, likanyooka lote. "Na haya yamepata nafuu."

Tusekile alikuwa ameshaketi sakafuni, maji yakimfika kifuani. "Bibi," akauliza, "kwa nini hukuja na sisi?"

"Mama yako alisema magoti."

Wote watatu wakanigeukia: mama yangu, mwanangu na bahari. Katika miaka kumi na miwili ya zamu ya nidhamu, mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza, wao wakijibu. Nikasimama sawasawa, mikono nyuma, kama ninavyowafundisha.

"Haikuwa magoti," nikasema. "Magoti yangefika. Basi linasimama, na njiani tungelala. Nilichoka, Mama. Mwaka mzima naamka kwa ajili ya watoto wa watu, na nilitaka siku kumi za kutoamka kwa ajili ya mtu, kutompikia mtu uji laini, kutomshika mtu mkono kwenye ngazi. Niliona aibu kulisema hilo, nikasingizia miguu yako."

Mvua iliendelea juu ya bati. Bahari ilitazama kikombe chake.

"Ungesema hivyo," Mama akasema, "ningekwambia uji laini siupendi. Nakula kwa sababu unanipikia."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Na ngazi nitapanda kwa makalio, kama nilivyopanda ya kanisa."

Tusekile akacheka. Mama naye akacheka. Mimi nilikuwa bado nimesimama wima, na kwa kweli nilijisikia vizuri, kama mtu aliyeweka chini mzigo ambao alikuwa ameuzoea mpaka akaudhani ni mgongo wake.

Bahari ikainuka. Kochi likatoa mlio.

"Mama mwenye nyumba," ikasema, "kwetu aliyekukaribisha nawe humkaribisha. Nimekunywa chai yako, nimelala kwako, nimeharibu shamba lako. Sasa ni zamu yako kwangu. Usipokuja nitajua ulinipokea kwa heshima tu, na nitahuzunika, na mimi nikihuzunika watu huhama."

"Nitakuja," Mama akasema, "kama mwalimu ataruhusu."

"Mwalimu ataruhusu," nikasema.

Ikaanza kutoka. Mlango wa Mama ni mwembamba na bahari ni bahari. Ilitoka kwa ubavu, ikijisukuma, ikiomba radhi kwa kila wimbi, ikisugua miimo na kizingiti, na ilichukua muda mrefu, kwa sababu kila tulipodhani imekwisha palikuwa na sehemu nyingine. Ya mwisho kutoka ilikuwa povu dogo, nalo lilirudisha kikombe mezani.

Nikaamka.

Palikuwa pameshakucha. Gwamaka alikuwa amelala na mkono usoni, Tusekile amejikunja kwenye kitanda chake cha pembeni. Nje ya dirisha bahari ilikuwepo, imejaa, inapiga mchanga kama kawaida yake, kama isiyojua lolote.

Sikungoja chai. Nilitoka kibarazani nikampigia Mama simu.

"Shikamoo, Mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama tu. Ninyi mmefika?"

"Tumefika. Mama, nisikilize. Nakuja kukuchukua. Leo napanda basi, kesho jioni nitakuwa hapo, tutapumzika usiku mmoja, halafu tunarudi wote. Nilipokwambia ni magoti nilikudanganya. Nitakueleza nikifika."

Nilisikia jogoo, na mvua ya kule.

"Haya, mwanangu," akasema. Haikuwa ile haya ya siku ile. Hii ilikuwa na pumzi ndani yake. Halafu akasema, "Sasa kabla hujakata. Una habari yoyote ya ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa jirani, huyu wa Asangalwisye. Tangu alfajiri yuko mlangoni kwangu, analamba kizingiti. Tumemfukuza mara tatu, anarudi. Amelamba mpaka mbao imekuwa nyeupe. Mwenye ng'ombe anasema hajawahi kumwona hivyo, labda nimemwaga kitu."

"Umemwaga nini?"

"Sijamwaga kitu. Nikaona niiname, niguse kwa kidole, nionje."

"Ukaonja?"

"Nikaonja," Mama akasema. "Ni chumvi, Atupele. Na si hii yetu ya dukani."