Moto Chini ya Uchaga

Nthambi hakuwa mchoyo, ingawa hilo ndilo jina alilokuja kubandikwa. Alikuwa mtu wa mpango. Mahindi yakishavunwa aliyapandisha mwenyewe kwenye uchaga, ile dari ya fito iliyokuwa juu ya mafiga jikoni kwake: upande wa mlangoni ya kula, pembeni ya mbegu, na nyuma kabisa ya kuvukia miezi migumu kabla masika hayajazaa kitu. Moshi wa kuni ulipanda kutwa ukayakausha, na fukusi hawakupata pa kukaa.

Na kula nako kulikuwa na utaratibu. Asubuhi uji. Mchana muhogo, wenye tui ikiwa nazi zimeangushwa. Jioni ugali kwa kunde au mchicha. Dagaa wa Kibuyuni walikuwa wa Ijumaa, na Jumapili ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, maana watu wametoka kanisani na wana wasaa wa kutafuna. Hakuna aliyeuliza tutakula nini leo. Hata Mutunga, kitinda mimba, alijua siku kwa harufu ya chungu.

Mumewe, Kitonga, alikuwa bawabu wa hoteli moja huko Diani, akija nyumbani siku zake za mapumziko. Baba yake ndiye aliyetoka Kitui akaja kukata miwa Ramisi, kisha akapewa shamba kwenye skimu ya makazi ya serikali, juu ya Msambweni. Miaka mingine majirani walikuja kwa Kitonga kuomba unga mwezi wa nne, naye alikuwa akimwambia kila mtu, "Mke wangu huyu, nyumba yake haijawahi kulala njaa." Nthambi alijifanya hasikii, lakini alikuwa akisikia.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na saba, na zile fujo za mwezi wa nane, watu wa bara walipofukuzwa pwani. Muindi, mdogo wake Kitonga, alikuwa na duka karibu na Kona ya Musa. Lilichomwa usiku mmoja, pamoja na vyumba walivyoishi nyuma yake. Alfajiri alipanda mlima kwa miguu na mkewe Kaindi na watoto wao wanne, wamebeba walichowahi kuokoa: godoro, redio na jiko la makaa.

Kitonga alikuwapo siku hiyo. Aliwapokea mlangoni huku machozi yakimlengalenga.

"Nyumba hii ni yenu," alimwambia ndugu yake. "Kitakacholiwa na wanangu ndicho kitakacholiwa na wako."

Nthambi naye aliwakaribisha, akawapikia, akawatandikia. Lakini watu walipolala aliingia jikoni, akainua macho kwenye uchaga, akaanza kupanga upya.

Haukupita muda watalii wakakoma kuja. Hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine, na Kitonga akarudi nyumbani na sare yake imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alianza kushinda barazani na Muindi, wanaume wawili wasio na kazi, wakisikiliza redio.

Nthambi alipunguza pakacha la mahindi yaliyopelekwa kusagwa. Uji ukawa mwepesi. Muhogo ukaliwa mara mbili kwa siku, na ugali akawa anaugawa mwenyewe kwa mwiko, kila mtu matonge yake, watoto wake na wa Kaindi sawasawa. Hakumpendelea hata mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa anakula ukoko.

Kaindi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea duka. Kwake mkate ulikuwa kitu cha kunyoosha mkono rafuni, na sukari haikupimwa. Alivumilia kwa muda, kisha akachoka.

"Aki mama Ngina," alimwambia Nthambi siku moja, akicheka bila kufurahi, "hata jela wanashiba. Sisi tunapimiwa kama dawa."

"Masika bado mbali, Kaindi. Na midomo imeongezeka."

Kauli hiyo ya mwisho haikukusudiwa kuumiza, lakini iliumiza. Kaindi aliibeba mpaka barazani, na ilipofika huko ilikuwa imekua. Jioni hiyo Nthambi alipoingia na sinia, alimkuta Kitonga amenuna.

"Nasikia unahesabu midomo ya watoto wa ndugu yangu."

"Nimesema chakula lazima tukipange. Kikiliwa ovyo hakitafika..."

"Ndugu yangu amechomewa nyumba!" Kitonga alipiga mkeka kwa kiganja. "Amekuja kwangu, nawe unamwonyesha mwiko! Umenifedhehesha, mama Ngina. Kuanzia kesho atapika Kaindi, na atagawa Kaindi. Wewe nenda shamba."

Muindi alisema kwa sauti ya chini, "Basi kaka, shemeji hana neno baya," lakini hakusema mara ya pili. Kaindi aliangalia chini. Nthambi aliweka sinia, akaketi, akala fungu lake mbele ya macho ya wote.

Siku za Kaindi zilikuwa za sherehe. Ugali ulijaa sinia kama mto wa kulalia. Alipika mahamri, alipika maharage ya nazi siku zisizo za maharage, akawaambia watoto wakwangue sufuria wenyewe. Ndani ya ua kukasikika vicheko ambavyo havikuwa vimesikika tangu fujo. Kitonga alikula huku akimtazama ndugu yake akila, na uso wake ulirudi kuwa wa mtu mwenye kazi.

Ngina, binti mkubwa wa Nthambi, alimkuta mama yake akipalilia mihogo.

"Mama, kumbe chakula kilikuwapo," alisema. "Mbona ulikuwa unatunyima?"

Nthambi aliendelea kupalilia. Jibu alikuwa nalo, ila mtoto aliyeshiba angelielewaje?

Bi Chiku, jirani Mdigo ambaye shamba lake lilipakana na lao, alimwonea huruma. "Mwenzangu, lete debe mbili kwangu nikufichie," alimwambia. "Mambo yakiharibika utakuwa na pa kuanzia."

"Niibe kwenye nyumba yangu mwenyewe, Bi Chiku?"

"Si kuiba. Ni kuwaokoa wanao."

"Ahsante. Lakini la." Alikuwa na kiburi chake, na wakati ule kiburi ndicho kilichomsimamisha.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua kuliko wingi wa ugali. Kaindi hakuupenda moshi wa jikoni, ulimtoa machozi. Alikuwa akipikia barazani kwenye lile jiko lake la makaa, na mafiga chini ya uchaga yakapoa. Nthambi alimwambia mara moja, kwa upole, kwamba moto ule haukuwa wa kupikia tu, ulikuwa wa kuyalinda mahindi. Kaindi alimjibu mbele ya Kitonga, "Kwani bado unataka kunifundisha?" Kitonga akamtazama mkewe, naye akarudi shamba.

Ndipo mvua ikaja. Si mvua za vuli zilizozoeleka. Ilikuwa ile ambayo redio iliiita El Nino, ikanyesha kutwa kucha wiki nenda wiki rudi, barabara ikakatika, mito ikameza madaraja, na mpunga wa bondeni ukaoza umesimama. Nguo hazikukauka. Chumvi iliyeyuka ndani ya kopo.

Mchana mmoja Nthambi aliingia jikoni kuchukua jembe, akasikia harufu. Alipanda ngazi, akatia mkono katikati ya mahindi. Yalikuwa na joto la unyevu, kama kwapa la mgonjwa. Alimenya hindi moja akaona weupe umeanza kutambaa kwenye mizizi ya punje. Umeanza tu. Kuni kavu chache zilikuwapo nyuma ya mlango. Angewasha siku hiyo, na siku iliyofuata, angeyaokoa mengi.

Alisimama pale juu ya ngazi akisikiliza vicheko vya barazani. Akasikia Kitonga akimsifu Kaindi kwa mchuzi. Akahisi uchungu, na utamu pia. Acha waone, alijiambia. Acha waone wenyewe. Akashuka, akachukua jembe, akaurudisha mlango polepole.

Waliona. Ugali ulianza kuwa na uchungu. Watoto walitema, Mutunga akaharisha siku kadhaa mpaka macho yakamwingia ndani, na Nthambi alimkesha akimpa maji ya chumvi na sukari, akiwa na hofu ambayo hakuweza kumwambia mtu. Mtoto alipona. Kitonga alipopanda kwenye uchaga alishusha mahindi ya kijani na meusi, pakacha kwa pakacha, akayamwaga mvuani. Ya mbegu tu, yaliyokuwa pembeni karibu na paa la bati, ndiyo yaliyosalimika, pamoja na machache ya kula.

Alimfuata mkewe, amelowa.

"Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. "Nilijua," alisema. "Niliambiwa niende shamba."

Kitonga alijipangusa maji usoni. Hakumpiga wala hakupaza sauti. "Basi wewe ni mtu mbaya kuliko nilivyodhani," alisema, akaenda zake. Nthambi alikuwa amengoja siku ya kuambiwa alikuwa na haki. Siku yenyewe ikawa hiyo, na neno lake likawa hilo.

Barabara ilipofunguka mwaka mpya, wazazi wa Kaindi walituma habari kutoka Makindu, kwao bara: kulikuwa na nafasi ya duka dogo. Muindi alikumbatiana na kaka yake na kulia. Na Kitonga, ambaye hakuwa na kitu, aliwajazia gunia mahindi ya mbegu.

"Hayo ni ya kupanda," Nthambi alisema.

"Ndugu yangu hawezi kuondoka mikono mitupu."

Waliondoka. Hakuna aliyetangaza kwamba jiko limerudi kwa Nthambi. Mwiko ulikuwa umeachwa juu ya chungu, naye akauokota. Alipanga kwa vilivyokuwapo: maembe mabichi ya kuchemsha, mchicha wa mwitu, mihogo midogo iliyong'olewa kabla ya wakati. Bi Chiku alimletea kunde, akampa na mbegu kidogo za mahindi, bila kumkumbusha walichozungumza. Masika yaliingia, mahindi yakaota, lakini mahindi yanayoota hayaliwi.

Mwezi wa nne, wakiwa wanakula, Ngina aliweka chini bakuli lake.

"Nataka kwenda Makindu," alisema. "Mama mdogo alisema nikitaka niende, atanisomesha huko. Kwake watu wanakula."

Kitonga alitazama pembeni. Nthambi alitaka kusema hapana. Alitaka kumweleza binti yake kila kitu, mahindi yalivyoishia na ya nani yalikuwa yakiliwa Makindu. Lakini kichwa chake, kilichozoea, kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake: Ngina akienda, unga utafika mpaka mahindi mabichi. Asipokwenda, hautafika.

"Nenda," alisema.

Alimfungia nguo, akamsindikiza hadi barabarani. Msichana alipanda gari akiwa na furaha isiyofichika, akapunga mkono mara moja, akageuka kutazama mbele.

Jioni hiyo ugali ulitosha. Kitonga alikula akamaliza, akajipangusa mdomo.

"Leo angalau tumeshiba," alisema.