Mwali wa Miaka Ishirini na Sita

Miezi saba Prisca alikaa Mwembesongo, na katika miezi hiyo watoto sita walizaliwa kwenye mtaa wake. Habari za wote sita alizipata kitovu kimeshakatwa, uji unanywewa, na mzazi amejilaza anacheka. Yeye aliyekuja kwa ajili hiyo hasa! Alikuwa mkunga mwenye cheti, ametumwa na shirika dogo la wamisionari walei kutoka Manila, huko Ufilipino, aje akae na maskini wa mji, apange chumba kama wao, na awasaidie kina mama wanaojifungulia nyumbani kwa kukosa nauli na kwa woga. Glavu zake zilikuwa bado kwenye boksi.

Si kwamba watu hawakumpenda. Walimpenda mno. Harusini walimpa maandazi akaange, msibani walimpa ndizi amenye. Lakini uchungu ukimshika mwanamke, nyumba nzima ilikuwa ya waongo. "Kasafiri, kaenda Mikese," walimwambia, na huyo msafiri anasikika akiguna nyuma ya ukuta.

Sasa Padri Eustace, msimamizi wa wamisionari pale mjini, alikuwa amemwandikia kwamba kama hadi mwisho wa mwezi kina mama hawajaanza kumwita, atahamishiwa Dodoma akatunze mafaili. Mafaili! Prisca alilia, akanawa uso, akamfuata mama mwenye nyumba wake, Bi Zuleha, aliyekuwa uani anakata kabichi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Nimewakosea nini? Mbona hamniiti mtu akijifungua?"

Bi Zuleha aliweka kisu chini. Alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini mbuzi halali kitandani.

"Wewe si bado mtoto? Hujachezwa unyago."

"Bibi, nina miaka ishirini na sita! Nimezalisha wanawake zaidi ya mia mbili!"

"Sikatai. Lakini nani alikuweka ndani akakufunda? Hapa kwetu msichana ambaye hajachezwa haoni uzazi. Tulidhani unajua. Tukaona aibu kukwambia, usije ukafikiri tunakutukana."

Miezi saba, jamani! Wenyeji wanamstahi mgeni, na mgeni anakesha akidhani anachukiwa. Hapo mimi ningewachapa wote.

"Basi nichezeni," Prisca alisema. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

Bi Zuleha alikuwa kungwi wa mtaa kwa miaka arobaini, na hakuwahi kuombwa hivyo na mwali mwenyewe. Alipiga kigelegele palepale, kisu na kabichi akavisahau. Kufika jioni mtaa mzima unajua, na wapiga ngoma wanagombea zamu.

Padri Eustace, mzaliwa wa Mgeta, alipopigiwa simu alicheka hadi akakohoa. "Dada zangu wote walichezwa, na Jumapili wanakaa benchi la mbele," alisema. "Sali sala zako. Dhamiri ikikataa jambo, sema. Mengine utanisimulia. Hapana, usinisimulie!"

Wakamweka ndani siku saba. Aliyofundishwa mle siyasemi, na usinitolee macho. Niseme tu kwamba mkunga yule alikuta kuna mambo ambayo chuoni hawakumgusia, na alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Jumamosi mchana akatolewa. Alipakwa mafuta, akavishwa shanga na kanga mpya, uso ukang'aa. Mwali hubebwa begani na mjomba, na Prisca mjomba hana, lakini Hamisi fundi baiskeli alijitokeza akajipiga kifua. "Mjomba ni mimi. Nani anabisha?" Hakuna aliyebisha. Akapandishwa juu, ngoma zikalia, vumbi likatimka, na furaha ikamjaa Prisca.

Sharti lilikuwa moja. Mwali hasemi wala hainui macho mpaka makungwi wamkabidhi kwa wazee. Akisema, ngoma imeharibika, na atarudi ndani siku saba nyingine. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu.

Lakini aliye juu ya bega huona mbali hata akiwa ameinamisha macho. Prisca alimwona Riziki, mjukuu wa Bi Zuleha, mwenye mimba ya miezi tisa, ameegemea simtanki la maji peke yake. Damu ilikuwa ikimchuruzika mguuni hadi kwenye kandambili. Mtaa wote ulikuwa unamtazama mwali.

Neno moja tu, na kila kitu kingepotea. Alilijua hilo, likamuuma, na bado hakuvuta hata pumzi ya pili.

"Mjomba, nishushe! Riziki anatoka damu!"

Ngoma zikakatika. Mtu akasonya. Prisca aliruka chini akakimbia, shanga zikimlia kiunoni, akamkalisha Riziki, akamshika tumbo, akatazama damu.

"Bajaji, sasa hivi! Hospitali. Hakuna kuzalia nyumbani."

Wanawake wakamgeukia Bi Zuleha, maana neno la hospitali hutamkwa na yeye, tena kwa shida. Bibi aliitazama damu ya mjukuu wake. Kisha akamtazama mwali aliyevunja sharti mchana kweupe.

"Hamjasikia?" alifoka. "Bajaji!"

Nisikuweke roho juu bure: leo Riziki ni mzima, na binti yake anatambaa na kula udongo. Lakini siku ile, ndani ya bajaji, hakuna aliyejua. Prisca aliushikilia mkono wa Riziki njia nzima, akimwita jina, na Bi Zuleha alikuwa pembeni anaomba Mungu kwa sauti.

Walipofika, na wanawake wengine nyuma yao kwa bajaji nyingine, Riziki akaingizwa mbio, na nesi akasimama mlangoni akiwazuia.

"Mmoja tu aingie, wa kutoa maelezo. Nani mtu mzima wenu?"

Kwa mazoea wanawake walimpisha Bi Zuleha, na yeye kwa mazoea akainua mguu. Akausimamisha. Akavua kanga yake ya juu, akamfunika Prisca mabega yaliyokuwa yanameremeta mafuta, akamsukuma mgongoni kwa viganja vyote viwili.

"Mtu mzima wetu ni huyu."